Kisogo cha Mheshimiwa Waziri

Ninayo heshima kubwa kulitangazia taifa kwamba vita dhidi ya migongo vimekwisha, na ushindi ni wetu. Kuanzia sasa hakuna mwananchi, awe amesimama, amekaa, amejilaza au yuko juu ya ngazi anapaka rangi, atakayeielekezea Bendera ya Taifa mgongo wake bila Idara yetu kupata habari.

Najua wapo watakaocheka. Wacheke, mradi wawe wameelekea upande unaotakiwa.

Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Uelekeo katika Idara ya Adabu za Bendera. Kazi yangu ni kusimama penye bendera na kuangalia watu wameelekea wapi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anasema hiyo si kazi, ni kuzubaa kwa mshahara. Namsamehe. Yeye ni dobi, na mambo ya sera yanampita juu kwa juu.

Yote yalianza na ziara ya mafunzo. Mkurugenzi wetu, ambaye mtaani wanamwita Mlingoti kwa sababu ni mrefu, mwembamba na muda wote amesimama tu, alitembezwa nchi za watu kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyoziheshimu bendera zao. Alirudi amekonda kwa mshtuko.

"Afisa," aliniambia siku ile, kabla hata hajavua miwani ya safari, "dunia imeoza."

Akanieleza. Katika nchi ya kwanza kila nyumba ilikuwa na bendera barazani, na muuza magari alikuwa na bendera kubwa kuliko duka lenyewe. Mkurugenzi alikaribia kulia kwa furaha. Ndipo alipomwona baba mmoja mwenye nyumba, kavaa kaptula, kakaa chini ya bendera yake anakata kucha za miguu, mgongo wote kaigeuzia. Katika nchi ya pili bendera hutolewa siku ya kuzaliwa mtoto. Huchomekwa kwenye keki, kisha mtoto hulamba krimu kwenye kijiti chake. Katika nchi ya tatu watu waliona haya kuitundika. Ukiwauliza bendera iko wapi walitazama viatu, utadhani umewauliza umri wa mama zao. Lakini timu yao ilipoingia fainali waliipaka mashavuni, wakaizungusha shingoni, wakaifunga kwenye vioo vya magari, na mpira ulipokwisha wakanawa.

"Wananawa, Afisa! Kwa sabuni!"

Nchi ya nne walikuwa wanaiuza kwenye chupi. Hapo Mkurugenzi hakueleza sana. Alisema tu kwamba duka lilikuwa uwanja wa ndege, kwamba bendera ilikuwa upande wa nyuma, na kwamba alilazimika kununua mbili kwa ajili ya ushahidi.

Kutokana na uchungu huo ulizaliwa Waraka wa Kwanza wa Uelekeo. Ulikuwa mfupi na mtamu. Palipo na Bendera ya Taifa, mwananchi aielekee. Asiigeuzie mgongo, kisogo, wala sehemu nyingine yoyote ya nyuma. Na ili pasiwepo mtu wa kusema hakuiona, kila nyumba, duka, kibanda na kioski kitundike bendera yake.

Utekelezaji ulikuwa wa kupendeza. Kwa kuwa bendera zilijipanga kando ya barabara yetu, wananchi walishauriwa kutembea kwa ubavu. Waliokuwa wanakwenda kazini waliteleza ubavu wa kulia, na jioni wakarudi kwa ubavu wa kushoto, hivyo misuli ikapata mazoezi yaliyo sawa. Madarasani bendera ilikuwa ukuta wa nyuma, kwa hiyo watoto waligeuza madawati na mwalimu akabaki anafundisha visogo. Kinyozi wa kona ndiye aliyepata tabu kidogo. Kila alipomzunguka mteja kunyoa upande wa pili, alijikuta anavunja sheria, na kwa muda mitaa yetu ilijaa wanaume walionyolewa nusu. Niliandika kwenye taarifa yangu kwamba hali ilikuwa shwari.

Sasa hapo ndipo anapoingia Shangazi.

Ua wake wa kufulia unatazamana na jengo la Idara, ng'ambo ya barabara. Una bomba moja lililo kwenye ukuta wa nyuma, mabeseni, meza ya kupigia pasi chini ya bati, na kamba za kuanikia nguo zilizofungwa huku na kule kama wavu wa golikipa. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni, sare za manesi, na nguo za jengo zima la Idara, kuanzia mlinzi mpaka Mkurugenzi. Ua huo ndio ulionilisha, ukanivalisha na kunipeleka shule mpaka nikafikia cheo cha kumkagua.

Mkurugenzi aliupenda sana ua huo. Idara ilikuwa na magari mengi kuliko safari, na yalikosa pa kuegeshwa. Alikuwa ameshamwomba Shangazi auache, na kila alipoomba Shangazi alifungua bomba na kusema hasikii kwa sababu ya maji.

Asubuhi moja Mkurugenzi alifungua dirisha lake, kikombe cha chai mkononi. Akaganda. Juu ya paa letu Bendera ilikuwa inapepea kwa fahari. Ng'ambo, Shangazi alikuwa ameinama kwenye beseni, uso kwenye bomba. Upande mwingine, ambao Mungu hakumnyima, ulikuwa umetuelekea sisi.

"Afisa," Mkurugenzi alisema polepole. "Ile ni nini?"

"Ni Shangazi, Mheshimiwa."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza ni nini."

Swali hilo hata shule sikufundishwa kulijibu.

"Mwite mbele ya Kikao," alisema, na nikaona macho yake yameshauvuka mwili wa Shangazi, yanapima ua kwa ukubwa wa magari.

Kikao kilifanyika ofisini kwake. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti chake cha ngozi. Katibu Muhtasi wake, mama mmoja mpole anayeficha karanga kwenye droo, alikaa pembeni kuandika. Mimi nilikuwa msoma vifungu. Shangazi aliingia na mikono bado ina povu, akajifuta kwenye aproni, akakaa kabla hajaambiwa.

"Mama," Mkurugenzi alianza kwa sauti ile anayoitumia redioni, "unashtakiwa kwa kuielekezea Bendera ya Taifa sehemu isiyo rasmi ya mwili."

"Ipi?"

Mkurugenzi aliniangalia. Mimi nikaangalia kalamu.

"Afisa, soma."

"Ya kukalia," nikasoma.

"Aa, hiyo!" Shangazi alicheka. "Hiyo ninayo tangu nizaliwe, baba. Nikifua niiweke wapi? Niiache kabatini?"

"Ungeweza kufua ukiwa umeielekea Bendera."

"Bomba liko ukutani. Nikigeuka, beseni linabaki nyuma. Nifulie visigino?"

Katibu Muhtasi alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

"Mama, uzalendo hauangalii bomba liko wapi!"

"Usipoangalia bomba, mwanangu, utavaa shati gani? Hilo ulilovaa nimelitia buluu mimi. Kola nimeipiga pasi mimi. Doa la mchuzi hapo kifuani nimehangaika nalo mpaka likaniomba msamaha."

Mkurugenzi alifunika kifua kwa faili. "Kikao hakijadili madoa. Ua wako utafungwa na kutwaliwa. Unalo la kusema?"

Uso wa Shangazi ulibadilika. Kicheko kilimtoka kikaenda zake. Alinitazama mimi, si Mkurugenzi, na nilijua anachokiona: mtoto wa kaka yake, kavaa suti, anasoma vifungu vya kumfukuza pale alipojifunzia kutembea kwa kushika ukingo wa beseni. Niliielekea Bendera. Ndiyo kazi yangu.

Na ilikuwa kwa kuyafuata macho yangu kwamba naye aliiona.

"Nikuulize kitu kimoja, halafu nikaanue nguo, maana wingu lile silipendi," alisema. "Hiyo iliyosimama nyuma ya kiti chako ni nini? Pazia?"

Katibu Muhtasi aliacha kutafuna karanga.

Nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, kwenye kigoda chake cha dhahabu, ilisimama Bendera ya Taifa. Ilikuwa imesimama hapo miaka yote. Mkurugenzi aligeuka polepole, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua. Akaitazama Bendera. Macho yakapanda ukutani. Pale juu, ndani ya fremu, Waziri wetu wa wakati ule alikuwa anatabasamu, na nyuma yake Bendera imetandazwa kama zulia. Pembeni kulikuwa na picha ya ujumbe wa ziara ya mafunzo, wote meno nje, wote Bendera mgongoni. Hata kalenda ya Idara ilikuwa na Mkurugenzi kila mwezi, mgongo wake kwa Bendera, mwaka mzima.

"Mnaikalia hivyo kila siku?" Shangazi aliuliza kwa upole. "Mimi angalau huwa nasimama kwenda kuanika."

Mtu mdogo akikutwa na kosa huomba radhi. Mtu mkubwa hutoa waraka. Mkurugenzi alijifuta jasho, kisha akapiga meza.

"Kumbe! Hivi ndivyo tulivyotaka wananchi wagundue wenyewe! Katibu, andika."

Ndivyo ulivyozaliwa Waraka wa Pili wa Uelekeo. Viongozi waonyeshe mfano. Kila afisa ageuze kiti chake na kuielekea Bendera iliyo nyuma yake, yaani ukutani, na kuwahudumia wananchi akiwa katika hali hiyo. Picha zote rasmi za viongozi zipigwe upya, kiongozi akiwa ameitazama Bendera. Na kuhusu ua, hukumu ilibaki palepale, kwa kuwa Shangazi alitenda kosa lake kabla viongozi hawajajua kwamba nao wanalitenda. Tingatinga lingekuja Ijumaa. Ana haki ya kukata rufaa, na rufaa isikilizwe na Mkurugenzi.

"Kwa hiyo nimemkuta na kosa, halafu nikamlalamikie yeye?" Shangazi aliniuliza tukiwa ngazini.

"Huo ndio utaratibu, Shangazi."

"Utaratibu." Alinikata jicho kutoka kichwani hadi viatuni. "Viatu umepiga rangi vizuri. Angalau kuna kitu ulijifunza nyumbani kwangu."

Siku zilizofuata ufanisi wa Idara uliongezeka sana. Wananchi waliingia, wakaueleza mgongo wa afisa matatizo yao, wakatoka. Maafisa hawakusumbuliwa tena na sura za watu. Afisa wa Vibali aligundua kwamba koti lake likitundikwa vizuri kwenye kiti linafanana naye, akaliacha kazini na kwenda shambani. Koti lilihudumia watu wiki nzima na hakuna aliyelalamika, maana majibu yalikuwa yaleyale.

Mkurugenzi mwenyewe alifupisha lugha ya ofisi mpaka ikabaki maneno mawili.

"Mwanangu, nimeleta rufaa yangu," Shangazi aliuambia mgongo wake Jumatatu.

"Njoo kesho."

Jumanne alikwenda. "Njoo kesho." Jumatano akamwambia kwamba mabeseni hana pa kuyapeleka, na kwamba binti anayemsaidia kupiga pasi ameanza kulia juu ya sare za manesi, na kila chozi ni alama mpya. "Njoo kesho." Alhamisi nilimkuta anafungua kamba moja moja na kuzikunja. Nilitaka kumsaidia. Akaniambia nirudi kazini, nisije nikaigeuzia kitu mgongo.

Katikati ya hayo, Baraza la Mawaziri lilipanguliwa. Waziri wetu aliondoka, akaja mpya, mwanamke. Taifa lilimkaribisha kwa shangwe bila kumwona. Kwa mujibu wa Waraka wa Pili, picha yake rasmi iliyoletwa kutundikwa kwenye kila ofisi ilikuwa ya kisogo: nywele zimesukwa kwenda juu zikakutana kwenye fundo dogo, shingo ndefu, na chini ya sikio la kushoto baka jeusi mfano wa punje ya pilipili manga. Magazeti yalichapa kisogo. Televisheni ilionyesha kisogo kikila kiapo. Mkurugenzi alinipa amri tukariri kila msuko, ili akija ghafla apokewe anavyostahili. Nilikikariri kisogo kile mpaka ningeweza kukichora nikiwa nimefumba macho.

Basi ikafika Ijumaa.

Asubuhi ile niliwekwa ukumbini, nje ya mlango wa Mkurugenzi, mkabala na Bendera. Foleni ilikuwa ndefu. Shangazi alikuwa mbele, kashika rufaa yake kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Nyuma yake alikuja mama mmoja aliyevaa gauni la kawaida, kilemba kichwani, na viatu vyenye matope. Alijaribu kupita moja kwa moja, mlinzi akamzuia.

"Mama, kila mtu hapa ana haraka. Panga foleni."

Alipanga. Akajipepea kwa mkono, akamsalimia Shangazi.

"Habari za hapa, dada?"

"Za hapa zipo. Zinakuja kesho," alisema Shangazi. "Wewe una shida gani, mdogo wangu?"

"Shida ya mama yangu."

"Anaumwa?"

"Amenuna. Ameniona gazetini nimegeukia ukuta. Anapiga simu kila saa kuuliza nimefanya aibu gani. Majirani wamemwambia mtoto wake amewekwa kona kama mtoro wa shule."

"Maskini. Na uligeukia ukuta kwa nini?"

"Nimeambiwa agizo lilitoka hapa."

"Basi umefika." Shangazi alimsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa. Mimi nangojea ua wangu, wewe ngojea uso wako."

Maneno hayo yote niliyasikia. Lakini wajibu wangu ni uelekeo, siyo maana.

Walipofikiwa waliingia pamoja, kwa kuwa mlango uliachwa wazi na hakuna aliyekuwa anatazama. Kutoka nilipo niliona mgongo wa Mkurugenzi, umetulia.

"Mwanangu, ni mimi. Rufaa yangu."

"Njoo kesho."

"Kesho ua wangu utakuwa maegesho!"

"Basi njoo na gari."

Yule mama mwenye kilemba alisogea mbele. "Mkurugenzi, habari za kazi."

"Njoo kesho."

"Ningependa kukuona usoni."

"Uso wangu uko kazini."

"Pengine ukijua mimi ni nani..."

"Mama, hata ungekuwa nani!" mgongo ulisema, na mabega yakapanda kwa hasira. "Anayekuja leo anaambiwa kesho. Anayekuja kesho anaambiwa kesho. Huo ndio usawa mbele ya sheria."

"Ni nani aliyekufundisha kujibu watu namna hiyo?"

"Ni maelekezo ya Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Kama una malalamiko mpelekee."

"Nitampelekea," alisema yule mama. "Hatachelewa kuyapata."

Alitoka kinyumenyume, akiielekea Bendera kama sheria inavyotaka, na hapo nilimpa alama nzuri moyoni. Alipovuka kizingiti joto lilimzidi. Akavua kilemba, akajifuta shingo, kisha akanigeuzia kisogo ili aende zake.

Picha rasmi ya Waziri ilikuwa imetundikwa hapo hapo pembeni ya mlango. Kwa hiyo niliviona viwili kwa pamoja, kimoja ndani ya fremu na kingine nje ya fremu. Msuko kwa msuko. Fundo kwa fundo. Chini ya sikio la kushoto, punje ya pilipili manga.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"MHESHIMIWA!"

Foleni yote iliruka. Mlinzi alipiga saluti kwa mkono ulioshika maandazi. Afisa wa Vibali hakushtuka, lakini yeye alikuwa koti.

Mheshimiwa aligeuka, na kwa mara ya kwanza tukauona uso wa Waziri wetu. Ulikuwa uso wa kawaida tu, wa mtu aliyechoka.

"Kumbe mnanifahamu," alisema. "Ila mpaka niwe naondoka."

Nje kulikuwa na ghasia. Msafara wake ndio kwanza ulikuwa unafika. Ulichelewa kwa sababu gari la Waziri lina bendera mbele, na walinzi wanaotangulia gari walilazimika kutembea kinyumenyume wakiitazama. Wawili walishatumbukia mtaroni, ndiyo maana Mheshimiwa aliamua kutangulia kwa miguu. Nyuma ya msafara, likipiga honi lipishwe, lilikuwa tingatinga letu.

Shangazi aliliona. Alivuka barabara, safari hii kwa miguu ya kawaida, akaenda kusimama langoni kwake na mfuko wake wa plastiki. Waziri alimfuata. Mimi nilimfuata Waziri, maana cheo hufuata cheo.

Ua ulikuwa mtupu isipokuwa kamba moja ya mwisho, ambayo Shangazi hakuwa ameifungua kwa sababu nguo zilikuwa hazijakauka. Ilikuwa na shuka, taulo, na chupi mbili zenye bendera ya nchi nyingine kwa nyuma.

"Hizi ni za nani?" Waziri aliuliza.

"Dobi hataji," alisema Shangazi.

"Ni ushahidi, Mheshimiwa," nikasema. "Wa Mkurugenzi."

Waziri aliutazama ushahidi kwa muda mrefu. Ulikuwa umevaliwa vya kutosha. Kisha akanigeukia.

"Wewe cheo chako nini?"

"Afisa Mwandamizi wa Uelekeo."

"Nakuuliza kitaalamu. Tingatinga linaweza kubomoa ukuta bila kugeuka?"

Katika utumishi wangu wote hakuna mtu aliyewahi kuniomba maoni ya kitaalamu. Nilisimama wima. Nilimtazama Shangazi, na safari hii sikuelekea pengine popote.

"Haliwezi, Mheshimiwa. Linakwenda mbele, linarudi nyuma, linazunguka. Palipo na Bendera, tingatinga ni kosa kuanzia linapowashwa. Na dereva wake ni kosa la pili."

"Basi leteni Bendera."

Ikateremshwa ile kubwa ya juu ya paa letu, kwa heshima zote, ikasimikwa uani karibu na bomba. Upepo ukaipata, ikapepea. Dereva wa tingatinga aliitazama, akamtazama Waziri, akazima mashine. "Mimi nina watoto," alisema, akashuka taratibu bila kugeuka.

Waraka wa Tatu uliandikwa palepale, juu ya meza ya pasi. Bendera za ofisini zihame ukuta wa nyuma, ziwekwe mlangoni anapoingilia mwananchi, ili afisa anayeielekea Bendera alazimike pia kumwona mtu. Picha za viongozi zipigwe tena, ya Waziri kwanza, na nakala ipelekwe kwa mama yake kabla ya jua kuzama. Koti la Afisa wa Vibali lipewe likizo. Bendera Kuu ya Idara ibaki uani milele, na ipewe mtu mzito wa kuitunza.

Mkurugenzi hakuwa na habari na lolote kati ya hayo. Alikuwa bado ameielekea Bendera yake ukutani. Tarishi alipompelekea barua ya uhamisho aliambiwa aje kesho, na kwa kuwa ni kijana mtiifu, akaja kesho. Hivyo Mkurugenzi akaongoza Idara siku moja zaidi ya alivyoruhusiwa, na nimeambiwa ilikuwa siku yenye utulivu.

Sasa yeye ndiye Mtunza Bendera, Kituo cha Uani. Mimi ndiye msimamizi wake, na kila asubuhi namtazama kutoka dirisha lile lile, kikombe cha chai mkononi. Anasimama katikati ya ua, kama taratibu zake mwenyewe zinavyoagiza, mkono kwenye paji la uso, macho mbele kwenye Bendera. Kati yake na Bendera kuna beseni. Shangazi anafika, anafungua bomba, anaielekea Bendera kwa adabu zote, na anainama.

Mtunza Bendera haruhusiwi kugeuka.

"Baba," Shangazi humuuliza bila kuinuka, povu likimfika viwiko, "umeelekea vizuri hapo ulipo?"

"Vizuri, Mama."

"Basi njoo na kesho."